Kusoma Bila ya Kuandika: Mtoto wa Kike na Elimu ya Kompyuta

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 akiwa binti wa Sultani, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba watoto wa kike wa jumba lao walifundishwa kusoma, ila kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya watoto wa kiume. Yeye aliitamani. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, kwa siri, mpaka mkono wake ukazoea. Kumbukumbu hizo zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na wengi wanaozisoma hukumbuka zaidi mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuondoka kwake kisiwani mwaka 1866. Mimi kila ninapozirudia husita penye mfupa ule, kwa kuwa unauliza swali ambalo bado hatujalijibu sawasawa: kwa nini mtu aruhusiwe kusoma, akatazwe kuandika?

Tusiwadhanie wazee wetu ujinga. Walijua walilokuwa wakilifanya. Kusoma Qur'ani ni ibada, na ibada imemlazimu mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo binti hakuweza kunyimwa kusoma. Kuandika ni jambo jingine. Msomaji hupokea, mwandishi hutoa. Msomaji hufikiwa na neno la mtu mwingine pale alipo; mwandishi hulituma neno lake likavuka ukuta, likaingia mji wa pili, likafanya kazi yake hali yeye mwenyewe amelala. Hata mwaka 1927, serikali ya kikoloni ilipofungua hapa Unguja skuli yake ya kwanza ya wasichana, miongoni mwa hofu zilizonong'onwa ilikuwa kwamba binti akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Hofu hiyo leo huchekesha, lakini ndani yake mna ukweli mmoja: kuandika ni uwezo, na anayeigawa kalamu anagawa uwezo.

Katika makala haya nataka kuuliza mstari ule wa zamani, ulio baina ya kusoma na kuandika, leo umepita wapi. Jawabu langu ni kwamba umepita katikati ya chumba cha kompyuta.

Asubuhi moja nilipata kukaa nyuma ya chumba cha namna hiyo, katika skuli moja ya sekondari kisiwani. Mashine zilizokuwa zikifanya kazi hazikufika kumi, na wanafunzi walikuwa zaidi ya arubaini. Kengele ilipolia, wavulana walikimbia. Wasichana walitembea, kwa kuwa ndivyo walivyofunzwa majumbani, kwamba mwari hakimbii hadharani. Walipofika, viti vilikuwa vimeshakaliwa. Kwa kila mashine palikuwa na mvulana mmoja aliyeshika kipanya, wa pili aliyemwelekeza kwa kidole, na nyuma yao wasichana wawili watatu wamesimama na madaftari, wakinakili kila kilichotokea kwenye kioo. Mwalimu, mtu mwema na mwenye bidii, hakumzuia yeyote wala hakumfukuza yeyote. Mwisho wa kipindi alikusanya madaftari, na yaliyokuwa safi kuliko yote yalikuwa ya wasichana. Waliweza kutaja sehemu zote za kompyuta kwa majina yake. Lakini katika dakika arubaini zile hakuna hata mmoja wao aliyeigusa. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza jambo lisilohitaji kuulizwa, akasema: "Wao ndio wanaojua, mwalimu. Sisi twanakili tu."

Neno hilo, twanakili, lilinirudisha kwenye mfupa wa ngamia. Tofauti ni kwamba Salme alinakili ili aandike, ilhali mabinti wale walinakili ili wafaulu mtihani, kisha basi.

Yafaa tukumbushane kompyuta ni kitu gani, maana jina lake limezoeleka kuliko maana yake. Kompyuta haina shauri; ina utiifu. Hufanya lile lililoandikwa katika programu, hatua kwa hatua, wala haijui huruma wala aibu. Kuitumia ni namna ya kusoma: unapokea taratibu zilizokwisha kutungwa na mtu mwingine. Kuitungia programu ndiko kuandika. Mtazame mama anayeuza samaki, akipokea malipo kwa simu. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania Bara na Visiwani ikafuata, na leo hakuna anayeistaajabia. Lakini kabla mama huyo hajabonyeza namba ya kwanza, yupo mtu aliyekwisha kuamua ataulizwa nini, kwa lugha gani, akikosea mara ngapi atafungiwa, na akifungiwa afanye nini. Mtu huyo hamjui mama yule wala hatamjua. Hata hivyo amemtungia sheria, ndogo ndogo, za kila siku, na sheria hizo hutii zaidi kuliko anavyotii sheria za serikali, kwa sababu mashine haibembelezeki.

Basi anayetunga programu ni mtunzi wa kanuni za maisha ya watu. Ikiwa hivyo ndivyo, kuwazoeza watoto wa kike kutumia tu, na kuwaachia watoto wa kiume kutunga, ni kuurudia uamuzi wa zamani kwa nguo mpya. Tofauti ni kwamba zamani katazo lilitamkwa. Leo halitamkwi na mtu, na kwa hiyo hapana wa kulijibu.

Wapo watakaosema kwamba hapana katazo kabisa: mlango u wazi, na asiyeingia hakutaka. Kauli hii ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa inasemwa na watu wenye nia njema. Lakini tuzihesabu saa. Mvulana akitoka skuli huenda kwa rafiki mwenye kompyuta, au hukaa dukani kwa fundi wa simu, akachokonoa, akaharibu, akatengeneza. Dadake hurudi nyumbani, akateka maji, akaosha vyombo, akambeba mdogo wake, akenda chuoni, akarudi kupika. Ukimpa mvulana saa moja tu ya ziada kila siku, katika miaka minne ya sekondari amepata saa zaidi ya 1,400. Kisha mtihani ukija, sisi wazazi tunakaa barazani tukisema kwamba watoto wa kiume wana kipaji cha mashine. Tumeita kipaji kile ambacho ni wakati, tena wakati ambao sehemu yake imelipwa na dada aliyekuwa jikoni.

Na hicho kiitwacho kipaji cha kiume hakikuwako siku zote. Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba mmoja wa watu wa mwanzo walioelewa mashine ya namna hii ingeweza kufanya nini alikuwa binti wa malenga. Ada Lovelace alizaliwa London mwaka 1815, babake akiwa ni Byron. Mamake, aliyeachana na malenga yule binti akiwa bado mchanga, alisimamia afundishwe hisabati kwa makusudi, akitumai kwamba hesabu zingemkinga na wazimu wa babake. Mwaka 1843 Ada alichapisha tafsiri ya makala kuhusu mashine iliyobuniwa na Charles Babbage, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyoyapita makala kwa urefu. Humo mna utaratibu, hatua baada ya hatua, wa kuifanya mashine ikokotoe namba zinazoitwa za Bernoulli, na wengi huuhesabu kuwa ndio programu ya kwanza kuchapishwa. Mashine yenyewe haikupata kukamilika.

Miaka zaidi ya mia baadaye, mwezi wa Februari 1946, kompyuta iitwayo ENIAC, yenye mirija ya umeme ipatayo 18,000, ilioneshwa hadharani huko Philadelphia. Waliokuwa wameipangia kazi ni wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Walipewa kazi hiyo kwa sababu ilidhaniwa ni ya ukarani, kazi ya kufuatisha tu. Sifa zilikuwa za waliojenga chombo. Usiku wa maonyesho palifanywa karamu, na wao hawakualikwa. Mwaka 1952 Grace Hopper, afisa wa akiba wa jeshi la majini la Marekani, alitengeneza programu ya kukusanya maagizo na kuyageuza yawe lugha ya mashine, na kazi yake ikasaidia kufungua njia ya kuiamrisha kompyuta kwa maneno yanayokaribia lugha ya watu. Huko Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha mwaka 1962 kampuni ya kutunga programu, akaajiri karibu wanawake watupu waliofanyia kazi majumbani mwao huku wakilea. Alipoona barua zake hazijibiwi, alianza kutia sahihi kwa jina la Steve, la kiume. Hapo majibu yakaanza kuja.

Msomaji atambue kilichotokea baada ya hapo. Kazi ilipodhaniwa ni ya ukarani, waliachiwa wanawake. Ilipoanza kuleta heshima na mshahara mnono, ikagunduliwa kwamba ni ya wanaume. Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980, katika kila watu 100 waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, wanawake walikuwa takriban 37. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wamebaki kama 18. Maumbile ya binadamu hayageuki kwa miaka ishirini na mitano. Kilichogeuka ni kwamba kompyuta ziliingia majumbani, zikauzwa kama mchezo wa watoto wa kiume, zikawekwa katika vyumba vyao. Walipofika vyuoni tayari walikuwa na miaka ya mazoezi, na walimu wakayachukua mazoezi hayo kuwa ni akili. Chuo kikuu kimoja cha huko, Carnegie Mellon, kiliamua kuichunguza dhana hiyo. Kikaacha kumpendelea anayeomba nafasi kwa sababu tu ya uzoefu wa awali, na kikaweka milango tofauti ya kuanzia masomo kwa mwenye uzoefu na asiye nao. Mwaka 1995 wanawake walikuwa 7 katika kila wanafunzi wapya 100 wa fani hiyo. Mwaka 2000 walikuwa 42.

Wala mfano hautoki Magharibi pekee. Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, na huko wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanafunzi wa kompyuta, na katika baadhi ya vyuo wamezidi nusu. Ukiwauliza sababu, watu wa huko hukwambia kwamba kazi ya kompyuta inamwelekea mwanamke: hufanywa ndani, kivulini, haitaki mabavu, na yaweza kufanyiwa hata nyumbani. Kwa maneno mengine, hoja zile zile ambazo kwetu hutumika kumwekea binti mipaka, huko zimetumika kumfungulia. Mimi siipendi sana hoja hiyo, kwa kuwa bado inampimia mwanamke eneo la kukaa. Lakini inatosha kutuonesha kwamba hapana amri ya dini wala ya maumbile inayosema mashine hii ina jinsia.

Na sisi wenyewe hatuko mbali na jambo hili kama tunavyojidhania. Mwaka 1858, miaka kumi na mitano baada ya Ada kuchapisha maelezo yake, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia. Utenzi una beti mia moja na kidogo, kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Jumla yake ni mizani zaidi ya elfu tatu, na kila moja ina mahali pake, na kila kina cha mwisho kinafungana na mwenzake kuanzia mwanzo hadi tamati. Aliyetunga utenzi anajua kwamba neno moja likizidi mizani ubeti mzima umeharibika, na kwamba kosa lazima litafutwe, lipatikane, lisawazishwe. Mtunzi wa programu naye huishi na adha hiyo hiyo kutwa: alama moja ikikosekana, kazi yote husimama. Sisemi kwamba utenzi ni programu. Utenzi una moyo na programu haina. Nasema tu kwamba subira ya kuhesabu, ya kupanga, ya kurudia na kusahihisha, ni subira ambayo wanawake wa pwani hii walikuwa nayo kabla umeme haujafika.

Mwana Kupona husomwa na wengi kama hoja ya kumweka binti nyumbani na kumfunza utii. Hilo ni sehemu ya wasia wake, sitalificha. Lakini tuangalie pia alilolifanya, si alilolisema peke yake. Alikuwa na neno la kumwachia mwanawe, wala hakungoja mwanamume amsemee. Alilitunga mwenyewe, kwa kanuni za sanaa iliyo ngumu. Ni mtunzi.

Kwa nini basi jambo hili liwe swali la maadili, na si la mitaala tu? Kwa sababu kuna watu wanaodhurika. Chukua neno letu dogo, yeye. Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika neno hilo. Ni moja ya hekima za lugha yetu ambazo hatuzisifii vya kutosha. Programu za kutafsiri zilipoanza kuzipeleka lugha za namna yetu katika Kiingereza, ambacho lazima kichague, zilikuwa zikipewa "yeye ni daktari" zinaleta mwanamume, zikipewa "yeye ni muuguzi" zinaleta mwanamke. Lugha yetu haikusema hivyo. Mashine iliokota desturi za maandishi ya watu wengine, ikatuwekea mdomoni. Mfano wa pili ni mzito zaidi. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, aligundua akiwa mwanafunzi kwamba programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha uchunguzi wa programu tatu zinazobainisha jinsia ya mtu kwa kutazama picha. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikosea takriban 35 katika 100. Hakuna aliyekusudia kumtukana mwanamke mweusi. Ni kwamba wakati kanuni zinatungwa, huyo hakuwamo chumbani, na asiyekuwamo husahauliwa bila ya kuchukiwa. Kosa lilionekana pale mwanamke mweusi alipokuwa na elimu ya kulitafuta.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana zina uzito wake.

Ya kwanza ni haya. Mzazi huogopa kwamba kompyuta itamfungulia binti yake dunia ya machafu. Hofu hii siidharau. Machafu yapo, na yanawapata watoto wa jinsia zote. Lakini angalia: simu tayari imo mkononi mwa binti. Tumekwisha kumruhusu kupokea kila kinachotumwa na ulimwengu, tukamnyima elimu ya kujua kinatumwaje, na nani, na kwa faida ya nani. Aliye hatarini zaidi ni msomaji asiyejua kuandika. Isitoshe, hofu hii mbona haimzuii kijana wa kiume, ambaye naye ana haya ya kuhifadhiwa?

Ya pili ni ya Sayyida Salme mwenyewe, na ndiyo ngumu zaidi. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua nduguye Majid, njama ile ilihitaji mwandishi. Salme, binti wa miaka kumi na mitano hivi, alikuwa na kalamu. Akavutwa na dada yake Khole aliyempenda mno, akawa katibu wa njama. Mambo yakavunjika, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwa majuto juu ya jambo lile. Mzee wa zama zake angeweza kusema: si tulisema? Nami nitamjibu kwamba Salme alikuwa amepata mkono wa kuandika bila ya mtu wa kumlea katika shauri la kuandika, kwa kuwa elimu yake ilikuwa ya siri. Barua alizoziandika hazikuwa zake. Zilikuwa za kaka yake. Hakuponzwa na kuwa mtunzi. Aliponzwa na kuwa mkono wa mtunzi mwingine.

Hapa ndipo nisipokubaliana na baadhi ya wale wanaohimiza kwa sauti kubwa kuliko mimi. Tunaambiwa wasichana wasome kompyuta kwa sababu soko la ajira linawahitaji. Kama hiyo ndiyo sababu pekee, basi soko likibadilika sababu imekufa, na binti tuliyemhimiza tutakuwa tumemfanya mkono tu wa kuandika yaliyoamuliwa na wengine, kama Salme mbele ya Barghash. Kazi ni muhimu. Mwenye njaa hahubiriwi falsafa. Lakini mtoto hafundishwi kusoma na kuandika ili awe karani. Hufundishwa ili asiwe kipofu mbele ya maneno yanayoamua mambo yake. Kompyuta ifundishwe kwa nia hiyo hiyo, pamoja na maswali yake: kanuni hii inamsaidia nani, inamsahau nani?

Ya tatu ni hiari. Je, si dhuluma kumsukuma binti katika fani asiyoipenda? Ni kweli, na hatuhitaji kila binti awe mtunzi wa programu, kama tusivyohitaji kila binti awe malenga. Ila hiari huanza baada ya kuonja. Asiyewahi kuigusa mashine hajaikataa; amekataliwa. Aiguse kwanza, akosee, afaulu, kisha akisema napenda tiba au napenda ushonaji, tutajua kwamba amechagua.

Ya nne ni mpya. Yasemwa kwamba siku hizi mashine zenye akili mnemba zinaandika programu zenyewe, basi kujifunza kwa nini? Kila bandari ya pwani hii ilikuwa na mtu aliyewaandikia barua wasiojua kuandika. Alikuwa na faida kubwa. Lakini aliyempelekea maneno yake hakuwa na njia ya kujua kilichoandikwa ni alichokisema. Mashine inayokutungia programu ni mwandishi wa barua wa zama hizi: mwepesi, hachoki, na pengine hukosea kwa uhakika mkubwa. Anayeweza kumtumia kwa usalama ni yule anayeweza kumsahihisha.

Baada ya hayo yote, kuhimiza ni kufanya nini? Kumwambia "kimbia" mtu aliyefungwa miguu si kumhimiza, ni kumkejeli. Mabango yenye picha za wasichana wanaotabasamu mbele ya kompyuta hayana ubaya, ila hayatekelezi wajibu. Wajibu ni wa wenye funguo na wenye ratiba. Chumba kifunguliwe baada ya masomo, na saa nyingine ziwe za wasichana peke yao, awepo mwalimu wa kike pale mzazi anapohitaji utulivu wa moyo. Viti vigawiwe kwa zamu, si kwa mbio. Somo lianze kwa utungaji, hata kama ni wa chaki na ubao: mpangilio wa kupika wali wa nazi, hatua kwa hatua, bila ya kuruka hata moja, ni mwanzo mzuri wa kufikiri kwa maagizo. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na kama somo linategemea waya peke yake, siku za namna hiyo hufa. Likitegemea fikra, huendelea. Na nyumbani, ndugu wa kiume naye aoshe vyombo.

Kuna tahadhari moja ya mwisho. Sisi waandishi tunapenda hadithi ya msichana aliyeshinda taabu. Tunampenda Salme na mfupa wake, tunampenda mwanafunzi aliyejifunza kwa simu yenye kioo kilichovunjika. Tuwapende, lakini tusiusifu mfupa mpaka tukasahau kuuliza kalamu ilikuwa kwa nani. Kwa kila mmoja aliyeiba elimu usiku, wako wengi wenye akili sawa na yake ambao hawakupata mfupa, au hawakuwa na ujasiri wa kuvunja amri, na ujasiri wa kuvunja amri haukupaswa kuwa sharti la kusoma.

Nilimsimulia mwalimu wa skuli ile niliyoyaona nikiwa nyuma ya chumba chake. Hakukasirika. Wiki ya pili akaweka zamu: kila mashine wanafunzi wanne, kila mmoja dakika kumi, jina kwa jina. Baada ya mwezi aliniambia wavulana wamelalamika kwamba wanapunjwa, akaniuliza kama malalamiko yao ni ya haki. Nilimjibu kwamba wana haki ya kudai kompyuta zaidi, na katika hilo tuwaunge mkono. Hawana haki ya kudai dakika za wenzao. Akaniambia pia kwamba wasichana, zamu zao zilipofika mara ya kwanza, baadhi waliirudisha. Walisema: "Mwachie yeye, anajua." Aliwaambia wakae, hata kama dakika zote kumi watazimaliza wakitafuta herufi moja. Na wapo waliozimaliza hivyo. Zamu ya pili walikaa bila ya kuambiwa.